Siku Mia na Themanini

Sehemu ya Kumi na Mbili

Kisu hakijashuka bado. Juma lililopita tulikiacha kikiwa angani, shubiri moja juu ya kifundo cha mkono wa kulia wa Fundi wa mikoba. Walioandika barua wakitaka kujua iwapo kimeshuka na wavute subira kidogo, kwa maana aliyekishika ana neno la kusema kwanza.

"Nakupa simu moja," alisema Bwana Chumvi. "Moja tu. Wapigie hao wanaokalia fedha yako. Wakitoa, mkono ni wako. Wasipotoa, mkono ni wangu."

Alikuwa mwenye kiwanda cha ngozi, na jina lile alipewa kwa sababu kila ngozi mbichi iliyoingia mjini ilitiwa chumvi na yeye. Fundi alikuwa na deni lake la milioni tatu, bei ya ngozi alizochukua kwa ahadi. Wala si kwamba hakuuza. Aliuza sana, mikoba yake ilikwenda mbali kwa njia ya mtandao, na wanunuzi walilipa bila ubishi. Lakini fedha yote, milioni sita kamili, iliishia katika kampuni ya malipo, ambayo kwa miezi sita ilimjibu neno moja tu: Tunachunguza.

Mkono ulilazwa juu ya gogo la kukatia ngozi, ndani ya karakana ya Fundi mwenyewe. Aliyeubana alikuwa Kimya, mtumishi wa Bwana Chumvi, mtu mwenye shingo nene kuliko paja, ambaye tangu hadithi hii ianze hatujamsikia akitamka hata herufi. Chini ya dirisha la nondo aliketi shemeji yake Fundi, mdogo wa marehemu mumewe, mdomo umepasuka, damu imelowesha ukosi wa shati. Ndiye aliyeendesha duka la mtandaoni kwa simu yake, kwa kuwa Fundi alijua kushona tu.

Ilikuwa saa sita mchana. Jirani alikuwa akikata vyuma vya mageti, na mashine yake ilipiga kelele hata ng'ombe angechinjwa humo ndani asisikike.

"Nitabonyezaje?" aliuliza Fundi. "Wa kulia ameubana, wa kushoto ameukanyaga."

Bwana Chumvi alinung'unika, akaichukua simu ya Fundi juu ya meza, akabonyeza mwenyewe, akaiweka kwenye kipaza sauti.

"Karibu," ilisema mashine. "Kwa huduma, bonyeza moja. Kwa malalamiko, bonyeza tisa. Laini ya malalamiko inatozwa kwa kila dakika, na ada itakatwa katika akaunti yako."

"Akaunti si imefungwa?" aliuliza Bwana Chumvi.

"Kutoa ndiko kulikofungwa," alijibu Shemeji kutoka pembeni. "Kukata hawajafunga."

"Nyamaza wewe."

Akabonyeza tisa. Muziki ukaanza. Watu wanne wakausikiliza dakika ya kwanza, ya pili, ya tano. Katika dakika ya saba mkono wa Bwana Chumvi ulichoka, akakihamishia kisu katika mkono wa pili.

"Asante kwa kusubiri," ilisema hatimaye sauti ya kijana, laini kama mafuta ya kupaka. "Mimi ni mhudumu wako wa leo. Nikusaidie nini, mteja wetu mpendwa?"

"Mwanangu," alisema Fundi, "nisaidie. Hapa nilipo nakaribia kukatwa mkono."

"Pole sana, mama. Kukatwa mkono hakumo katika orodha yetu. Je, lalamiko lako ni la ada, fedha iliyozuiwa, au mengineyo?"

"Fedha iliyozuiwa."

"Asante kwa kuchagua. Subiri niangalie."

Wakasikia vidole vikigonga vitufe. Jasho lilimtoka Fundi usoni likadondoka juu ya gogo, karibu na mkono wake.

"Fedha yako ni salama, mama. Imo katika uchunguzi wa kawaida wa siku mia na themanini. Zimepita siku mia moja sabini na moja. Zimebaki tisa tu. Siku ya kumi utaipokea."

Bwana Chumvi aliiinamia simu.

"Siku tisa?" alisema Bwana Chumvi.

"Tisa, bwana."

Kisu kikashuka, lakini kilishuka kandoni mwa mguu wa mwenyewe. "Ngozi ya ng'ombe naiweka kwenye chokaa zaidi ya siku hizo," alisema. "Nimengoja miezi sita, siku tisa zitaniua? Kimya, mlegezee."

Kimya akalegeza. Fundi akauvuta mkono wake kifuani akaukumbatia kama mtoto aliyeokolewa kisimani, akalia.

Kama wangeikata simu saa ile ile, hadithi hii ingekwisha leo, nasi tungepeana heri. Lakini wako watu ambao habari njema moja haiwatoshi, mpaka waulize na ya pili.

"Mwanangu," alisema Fundi akijifuta macho, "na kosa langu lilikuwa nini?"

"Ngoja nikusomee. Manunuzi arobaini na moja, siku moja, chini ya saa mbili. Majina arobaini na moja tofauti. Simu iliyonunua ni moja. Tena simu hiyo ndiyo iliyofungulia duka lenyewe."

Nyuso tatu zikageuka kuelekea dirishani.

"Shemeji?" alisema Fundi.

"Nisikilize, shemeji."

"Ile mikoba arobaini na moja?"

"Duka lisilouza halionekani, shemeji! Wanalitupa chini kabisa, huko anakofika aliyepotea tu. Wenzetu wote wanafanya hivyo. Unajinunulia mwenyewe kidogo, duka linapanda, wateja wa kweli wanaliona. Na si walikuja? Sema ukweli, hawakuja?"

"Niliishona mikoba ile wiki tatu. Kucha mbili ziling'oka. Kila mmoja nikautia kijikaratasi cha shukrani. Iko wapi?"

Shemeji aliinamisha kichwa. "Chini ya kitanda changu."

"Yote?"

"Mitatu mke wangu anaitumia. Anakusifu sana."

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na meza ilikuwa imekwisha kuandaliwa. Bwana Chumvi alimsogelea Shemeji polepole, akachuchumaa mbele yake, akauliza kwa upole ambao haukumfaa:

"Na fedha ya kununulia uliitoa wapi?"

Shemeji alilamba damu mdomoni. "Kwako, bwana."

"Ile milioni mbili? Ya operesheni ya mkeo?"

"Mke wangu hana ugonjwa, bwana. Nilisema vile unionee huruma."

"Mimi? Huruma?"

"Si ulinipunguzia riba?"

Bwana Chumvi alisimama. Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza, kisha akahesabu tena kana kwamba vidole vyenyewe vimemdanganya. "Yaani fedha yangu nimekupa wewe. Wewe umempa huyu. Huyu amenyang'anywa na wale. Mimi nimekaa miezi sita nikimdai huyu fedha ambayo nyingine ni yangu mwenyewe!" Akainyakua simu. "Wewe kijana! Nirudishie yangu!"

"Samahani, nazungumza na nani?"

"Na mwenye fedha!"

"Mwenye akaunti ni mama, bwana. Na kwa taarifa yenu, baada ya ada ya mauzo, ada ya kila mwezi ya kutunza fedha iliyozuiwa, na ada ya simu hii, kilichobaki ni milioni nne na laki nane."

"Ada ya kutunza?" Mshipa ulimtutumka Bwana Chumvi shingoni. "Mmeizuia wenyewe, mnailinda wenyewe, halafu mnamtoza kwa kuilinda?"

"Ulinzi una gharama zake, bwana."

Kwa miaka ishirini Bwana Chumvi aliwanyang'anya wenzake kwa ngumi na kwa matusi. Leo, kwa mara ya kwanza, alikutana na mnyang'anyi mwenye adabu, na adabu ile ilimtia wazimu.

"Nitakuja hapo ulipokaa!" alinguruma. "Nitakuchuna ungali hai! Nikutie chumvi, nikutundike juani, uanikwe mpaka mama yako akutambue kwa meno!"

"Bwana, nyamaza!" Fundi alipiga yowe. "Siku tisa, bwana, nyamaza!"

Vidole viligonga vitufe, bila haraka.

"Asante," alisema kijana. "Simu hii inarekodiwa. Kwa mujibu wa masharti yetu, kumtishia mhudumu kunafungua uchunguzi mpya. Siku mia na themanini zinaanza kuhesabiwa leo. Je, kuna jambo jingine ninaloweza kukusaidia? Hakuna? Uwe na siku njema."

Simu ikakatika.

Huko nje mashine ya jirani ilinyamaza kidogo, kisha ikaanza tena.

"Zilikuwa tisa," alisema Fundi. "Mwanamume mzima wewe, zilikuwa tisa!"

Mtu mkali humsamehe upesi aliyemkosea kuliko anavyomsamehe aliyeshuhudia upumbavu wake. Uso wa Bwana Chumvi ulibadilika rangi. Alikiinua kisu kwa mikono miwili.

"Kimya! Mshike!"

Kimya alimdaka Fundi kifundoni, akamvuta, akaubwaga mkono wa kulia juu ya gogo kwa kishindo hata mifupa ikalia. Lakini safari hii hakuukanyaga ule wa kushoto. Nao ule wa kushoto, ambao kwa miaka kumi na tisa ulikuwa ukiokota vifaa bila macho kuutazama, ulikwenda kwenye sinia la zana ukatoka na msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, yenye mpini wa mti.

Fundi aliuzamisha katika paja la Kimya mpaka mpini ukagota.

Mdomo wa Kimya ulifunguka mzima, na haikutoka sauti. Kisu kilikuwa tayari kinashuka.

Shemeji alijirusha.

Sijui aliruka vipi mtu aliyepigwa kiasi kile. Nadhani mtu mwenye hatia huwa mwepesi. Kiganja chake kiliingia kati ya kisu na mkono wa Fundi, na sauti iliyosikika ilikuwa kama ya muwa unapokatwa. Damu iliruka ukutani, ikaichafua mikoba iliyotundikwa. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Shemeji, cha shahada na cha kati, vile vilivyonunua mikoba arobaini na moja, vilibaki juu ya gogo bila mwenyewe. Kimoja kilijikunja, kikatulia.

Shemeji alivitazama. "Loo," alisema, kisha ndipo akapiga ukelele.

Bwana Chumvi aling'ang'ana kukitoa kisu kilichozama katika gogo. Fundi, ambaye Kimya alikuwa amemwachia, hakumpa nafasi. Kopo la gundi lilikuwa wazi tangu asubuhi. Alilibeba kwa mikono miwili akammwagia lote usoni. Mtu yule alianguka chali akijikuna na kupiga mateke, na alipouvuta mkono wake kutoka jicho la kushoto, kope zilitoka pamoja nao. Fundi alimpiga teke la mbavu, kisha la pili, na la tatu lilikuwa la zile kucha zake mbili. Akaukanyaga mpini wa kisu mpaka kikachomoka kwenye gogo, akakiokota.

"Nyote tulieni!" alisema. "Atakayesogea nitampasua kama kipande cha ngozi."

Hakuna aliyesogea. Kimya aliketi ukutani, mguu umenyooka, mpini wa mti umesimama pajani kama kigingi. Fundi alichana aproni yake kwa meno, akaufunga mkono wa Shemeji, akauzungushia kifundoni uzi wa kushonea ngozi.

"Kaza, shemeji," alisihi Shemeji.

"Nakaza. Usilale."

"Mke wangu ataniua."

"Akikukuta hai, shukuru." Alimgeukia Bwana Chumvi. "Ufunguo wa gari. Huyu anapelekwa hospitali sasa hivi."

"Siuoni ufunguo! Siuoni chochote!"

"Una jicho la kulia, litumie!"

Kabla hajajibu, simu iliita pale sakafuni, katikati ya damu na gundi. Namba haikuwa na jina. Fundi akabonyeza kwa kidole gumba, na sauti ikajaa chumbani, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukizima kipaza sauti.

Ilikuwa ile ile, laini kama mafuta. Safari hii hakukuwa na "mteja mpendwa".

"Mama, ile simu ilirekodiwa. Hii ni yangu mwenyewe."

"Mwanangu, hapa kuna mtu anatokwa na damu, waite..."

"Nisikilize kwanza. Uchunguzi nimeufungua mimi, na mimi naweza kuufunga. Leo hii. Milioni nne na laki nane, nusu yangu, nusu ya atakayekuwa na simu hiyo."

Fundi alitazama vidole viwili juu ya gogo. "Ungeweza kuufunga tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo hukunipigia, mama."

"Nimewaandikia miezi sita!"

"Barua zinajibiwa na mashine." Kijana alikohoa kwa adabu. "Sasa shida yangu ni hii. Nimesikia sauti tatu humo ndani. Siri ya watu watatu ni ya mtaa mzima, nami nina kazi yangu na wazazi wananitegemea. Baada ya nusu saa nitatuma namba mpya ya siri katika simu hiyo, kisha nitapiga. Nikipokewa na mtu mmoja, na huyo mmoja akaniambia wenzake hawatasema tena, fedha inatoka. Nikisikia sauti ya pili, siku mia na themanini zinabaki pale pale, na ile rekodi naipeleka polisi. Watapambanua wenyewe kisu kilikuwa cha nani."

"Unajua unachotuagiza?"

"Mimi siagizi kitu, mama. Nakueleza masharti."

Akakata.

Shemeji alicheka, kicheko kibovu cha mtu anayepungukiwa na damu. "Shemeji, ningeanza mimi, lakini sina vidole."

"Funga mdomo, usipoteze nguvu zako."

Sauti tatu. Kijana yule hakukosea hesabu, alihesabu alichosikia. Wa nne hakuna aliyepata kumsikia, wala kampuni, wala Bwana Chumvi, ambaye kwa miezi mitano mfululizo alimwambia kwamba mshahara wake umo ndani ya deni la Fundi.

Kimya aliushika ule mpini pajani. Aliuvuta taratibu, kama mtu anayejitoa mwiba barabarani, akautazama msharasi, akaufuta kwenye suruali, akautupa. Kisha akasimama, akaenda mlangoni akiburuta mguu.

"Kimya, mwanangu!" alilia Bwana Chumvi kwa furaha. "Lete gari!"

Kimya akasukuma komeo. Chuma kiliingia katika chuma. Alipogeuka, alikuwa ameokota nyundo ya kugongea vifungo, ile kubwa, na macho yake yalikuwa juu ya simu.

Alimwanzia aliye dhaifu kuliko wote. Nyundo ilishuka juu ya Shemeji. Fundi alimvuta kwa ukosi, na saruji ya sakafu ikapasuka pale kilipokuwa kichwa. Alipiga tena. Meza ya cherehani ilivunjika mguu, cherehani ikaanguka, ikabingirika, na Fundi na Shemeji wakajikuta kwenye kona, migongo ukutani, Bwana Chumvi akiwa miguuni pao.

"Dada," alisema Bwana Chumvi.

Kwa miezi sita alikuwa akimwita "mwanamke wewe".

"Dada yangu, nipe hicho kisu."

"Nikupe wewe?"

"Jicho moja ninalo. Mimi nimechinja tangu nina miaka tisa. Wewe kisu hicho umekatia mikanda. Yule atakuua na utakufa umekishika."

"Usimpe, shemeji!" alisema Shemeji. "Akimmaliza yule, atamalizia na sisi!"

"Huenda," alisema Bwana Chumvi. Hakuapa wala hakukana. "Mimi ni huenda, dada. Yule ni hakika."

Kimya aliiruka cherehani iliyolala njiani, mguu mmoja ukivuja damu, akaiinua nyundo juu ya kichwa kwa mikono miwili.

Fundi aliutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umevimba kifundoni, lakini ulikuwa mzima, vidole vitano, na vyote vitano vilikishika kisu kana kwamba vilizaliwa nacho.

Akavifungua.